Mpira wa shule uendelee, lakini si kama tunavyoucheza sasa

Na tabibu msaidizi wa zahanati ya kijiji



Ukurasa huu wa afya huzungumza mara nyingi juu ya malaria, vyoo, maji ya kunywa na chakula cha mtoto. Leo tuzungumze juu ya mpira. Usishangae. Mpira nao ni jambo la afya. Unajenga mwili, na unaweza kuumiza mwili.

Katika kata yetu ipo shule ya sekondari. Mwaka huu mvulana mmoja wa kidato cha pili alivunjika mguu uwanjani. Siku chache baadaye mguu huo ulikatwa hospitalini, chini ya goti. Ni huzuni kubwa kwa wazazi wake na kwetu sote. Baadaye mkutano wa kijiji ulikaa. Wazazi wengi walisimama wakasema: mpira wa shule ufutwe. Watoto wasome, na jioni warudi nyumbani wasaidie kazi.

Mimi nina maoni mengine. Nasema mpira uendelee. Lakini nasema pia usiendelee kama tunavyoucheza sasa. Naomba usome mpaka mwisho, kisha upime mwenyewe.

Wanaotaka mpira ufutwe wana hoja

Tusiwadharau wazazi hawa. Wanayosema yana uzito.

Kwanza, kijana ni nguvu ya nyumba. Akivunjika mguu wakati wa palizi, hashiki jembe msimu mzima. Magugu hayamngoji apone.

Pili, matibabu ni gharama. Hospitali iko mbali. Kuna nauli, kuna picha ya eksirei, kuna plasta, kuna chakula cha anayemwuguza. Familia huuza mbuzi au mahindi ya akiba ili mtoto mmoja atibiwe.

Tatu, hata wataalamu wa nchi kubwa wameuliza swali hilihili. Huko Marekani shule za sekondari zina mchezo wao wanaouita futiboli. Si kandanda letu. Wao hubeba mpira kwa mikono, na mpira wenyewe umechongoka ncha mbili. Wachezaji hugongana kwa makusudi, mwili kwa mwili, wamevaa kofia ngumu kichwani. Vijana zaidi ya milioni 1 huucheza shuleni.

Mwaka 2002 daktari mmoja Mwafrika, Bennet Omalu kutoka Nigeria, alikuwa akifanya kazi katika mji wa Pittsburgh huko Marekani. Alichunguza ubongo wa marehemu Mike Webster, aliyekuwa mchezaji mashuhuri wa mchezo huo. Aliona kwamba ubongo ule ulikuwa umeharibika. Ripoti yake ilichapishwa mwaka 2005. Tangu hapo watu wengi wameelewa kwamba kugongwa kichwa mara nyingi, kwa miaka mingi, kunaweza kuharibu ubongo hata kama fuvu halikupasuka na kofia ngumu ilivaliwa.

Kandanda letu nalo limechunguzwa. Mwaka 2019 watafiti wa Glasgow, huko Uskoti, walionyesha kwamba wachezaji wa zamani waliocheza kandanda kama kazi walikuwa na hatari ya kufa kwa magonjwa ya kuharibika ubongo mara 3 na nusu hivi kuliko watu wengine. Mwaka 2020 chama cha mpira cha Uingereza kilisema watoto wa shule za msingi wasifundishwe tena kupiga mpira kwa kichwa katika mazoezi.

Kwa hiyo mzazi anayeogopa si mjinga. Ana sababu ya kuogopa.

Mguu ule ulikatwa na nini?

Sasa turudi kwenye mguu wa mvulana wetu, maana ndio ulioleta mjadala. Wazazi wake wamenikubalia niandike, ili wengine wajifunze.

Mvulana yule alipigwa teke kwenye muundi. Mfupa ulivunjika, lakini ngozi haikuchanika. Wenzake walimbeba mpaka nyumbani. Jioni ile aliitwa mzee anayeunga mifupa. Mguu ulifungwa kwa vijiti na kamba za magome, ukakazwa sana ili mfupa usicheze. Usiku mtoto alilia. Aliambiwa avumilie, maumivu ni ya mfupa kuunga. Siku ya pili aliacha kulia, akasema hasikii kitu kwenye vidole. Watu walifurahi, wakadhani anapata nafuu. Siku ya tatu aliletwa zahanati. Vidole vilikuwa vya baridi na vimebadilika rangi. Tulilegeza kamba na kumpeleka hospitali ya wilaya siku ileile. Nyama ya mguu ilikuwa imekwisha kufa. Madaktari waliukata ili kuokoa maisha yake.

Tuelewe kilichotokea. Mfupa ukivunjika, mguu huvimba. Kuvimba huko huendelea siku ya kwanza na ya pili. Kamba haivimbi. Mguu ukivimba ndani ya kamba iliyokazwa, mishipa ya damu hubanwa. Damu isipopita, nyama hukosa uhai, kama mche uliozibiwa maji ya mfereji. Kwa saa chache tu uharibifu huanza. Mtoto anapoacha kusikia maumivu na vidole vimekufa ganzi, si nafuu. Ni hatari.

Basi nauliza: mguu ule ulikatwa na mpira? Mpira uliuvunja. Lakini mfupa uliovunjika namna ile huunga, na kijana hutembea tena. Kilichosababisha ukatwe ni kamba iliyokazwa na siku 2 za kungoja.

Sisemi haya ili kumlaumu mzee wetu. Amesaidia watu wengi kwa miaka mingi, na aliitwa kwa sababu yeye yuko karibu na hospitali iko mbali. Nimezungumza naye kwa heshima, kama mjukuu na babu yake. Tumekubaliana jambo moja: kila mguu au mkono uliofungwa lazima upimwe vidole. Nawe msomaji jifunze kipimo hiki leo.

Bonyeza ukucha wa kidole gumba cha mguu uliofungwa. Utakuwa mweupe. Achia, kisha hesabu polepole: moja, mbili, tatu. Rangi ya damu irudi kabla hujafika tatu. Ikichelewa, au vidole vikiwa vya baridi, au mgonjwa akisema vina ganzi, au maumivu yakizidi kila saa, legeza kamba mara moja. Kisha mpeleke hospitali bila kungoja asubuhi. Pima mara nyingi siku ya kwanza, mchana na usiku.

Tukifuta mpira, mifupa haitavunjika?

Hebu tufikiri pamoja. Watoto wetu huanguka kutoka kwenye miembe kila msimu wa maembe. Huburutwa na ng'ombe. Hupanda pikipiki wanne na dereva, bila kofia ngumu. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Katika mkutano wetu hakuna aliyesimama kusema bodaboda zifutwe. Ni kwa sababu tunaona faida yake. Basi tuuone na mpira kwa macho hayohayo: tuangalie faida, tuangalie hatari, kisha tupunguze hatari.

Tena, tukiufuta mpira shuleni hatutakuwa tumeufuta kijijini. Vijana watatengeneza mpira wa matambara, wataenda kucheza chandimu nyuma ya mashine ya kusaga. Huko hakuna mwalimu, hakuna mwamuzi na hakuna maji. Akiumia mmoja wataficha, kwa sababu wamekatazwa. Na jeraha linalofichwa ndilo linaloua.

Faida za mpira zipo. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate dakika 60 za kutumia mwili kila siku. Utasema watoto wetu wanalima na kuchota maji, mazoezi wanayo. Ni kweli. Lakini jembe halifundishi kushindwa bila kugombana, wala kumtii mwamuzi hata akikukasirisha. Na wako watoto wanaoipenda shule kwa sababu ya mpira. Mwalimu akisema asiyehudhuria darasani hachezi Ijumaa, darasa hujaa. Wasichana wetu nao sasa wanacheza, na tusiwanyang'anye nafasi hiyo kabla hawajaizoea.

Ajali nyingi zina kinga

Watu husema, "Ajali haina kinga." Msemo huu ni mtamu mdomoni, lakini katika uwanja wa shule si wa kweli. Nenda ukaukague uwanja wetu kwa macho yako. Utaona hatari ambazo zina kinga, tena ya bei ndogo.

Goli. Milingoti ya goli ni miti iliyochimbiwa chini. Mchwa hula mti kuanzia chini ya udongo, mahali tusipopaona. Juu unaonekana mzima. Mtoto akibembea kwenye mti wa juu, goli zima linamwangukia kichwani. Kila wiki mtu mzima aitikise milingoti kwa mikono miwili. Ukicheza, ung'olewe na usimikwe mwingine. Na watoto wakatazwe kabisa kubembea.

Ardhi. Uwanja una visiki, mashimo, vipande vya chupa na vigingi vya kufungia mbuzi. Wanafunzi wajipange mstari mmoja, waupite uwanja mzima wakiokota, kabla ya kila mechi. Kazi hiyo haichukui hata nusu saa. Visiki ving'olewe, mashimo yafukiwe.

Viatu. Haifai timu moja icheze kwa njumu na nyingine icheze peku. Njumu ni chuma au plastiki ngumu, mguu mtupu ni nyama. Ama wote wavae, ama wote wavue.

Umri. Kijana wa miaka 18 asipambanishwe na mtoto wa miaka 12 kwa sababu tu wako shule moja. Wapangwe kwa umri na kwa kimo.

Radi. Ukisikia ngurumo, mchezo usimame na wote waingie darasani. Wasikimbilie chini ya mwembe, kwa maana radi hupenda mti mrefu.

Ugonjwa. Mwalimu ajue ni mtoto gani ana selimundu, nani ana pumu, nani ana kifafa. Hawa wasifukuzwe uwanjani bila kuuliza. Waje zahanati kwanza, tuwashauri wacheze kiasi gani na wanywe maji namna gani. Kwa mwenye selimundu, kukimbia hadi kuishiwa nguvu kwenye jua kali, bila maji, ni hatari.

Jeraha dogo lisidharauliwe

Uwanja wetu mchana ni malisho ya ng'ombe. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na katika kinyesi cha wanyama. Mtoto akichubuka goti pale, vijidudu vinaweza kuingia mwilini kwa njia ya jeraha.

Osha jeraha mara moja kwa maji safi mengi yanayotiririka na sabuni. Toa mchanga wote. Funika kwa kitambaa safi. Usipake kinyesi cha ng'ombe, wala majivu, wala mafuta ya taa. Anayemwosha mwenzake avae mipira ya mikono, ili damu ya mmoja isimguse mwingine.

Kisha, kama jeraha limeingia ndani au limechafuka, njoo zahanati tukuulize juu ya chanjo. Nchi yetu ilianza mpango wa chanjo za watoto mwaka 1975, na watoto wetu wengi walichanjwa wakiwa wachanga. Lakini kinga hiyo hupungua kadiri miaka inavyopita. Wasichana wengi huongezewa chanjo wakipata ujauzito. Wavulana hawana nafasi hiyo. Ndiyo maana mvulana mwenye jeraha chafu asikae nyumbani akidhani chanjo ya utotoni inamtosha.

Kifundo cha mguu kikiteguka, usikikande kwa maji ya moto na usikichue siku 2 za kwanza. Kukichua ni kuzidisha kuvimba. Weka kitambaa kilicholowa maji baridi kwa dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Mguu ulale juu ya mto. Mtoto akishindwa kukanyaga hatua 4, huenda ni mfupa uliovunjika. Mlete.

Mfupa ukivunjika, usijaribu kuunyoosha. Weka mbao mbili zilizozungushiwa khanga, moja kila upande, ndefu kupita kiungo cha juu na kiungo cha chini. Funga juu na chini ya pale palipovunjika, lakini si palepale penyewe. Usikaze sana. Pima vidole. Mfupa ukiwa umetokeza nje, usiurudishe ndani. Funika kwa kitambaa safi na mtu apelekwe hospitali upesi.

Kichwa ndicho kinachonitia hofu

Mguu uliovunjika unaonekana. Kila mtu huuhurumia. Ubongo ukiumia hauonekani. Mtoto anasimama, anajipangusa vumbi, na watu wanapiga makofi.

Chukua kibuyu cha maziwa ya mgando, ukitikise kwa nguvu. Kibuyu hakipasuki, lakini maziwa ndani yamegonga kuta zote. Ubongo nao ni laini, uko ndani ya fuvu gumu. Kichwa kikigongwa, ubongo hutikisika ndani. Si lazima mtu azimie. Wengi walioumia hivi hawakuzimia.

Dalili zake ni hizi: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kuona vitu viwiliviwili, kutembea akiyumba, kujibu polepole, kusahau. Mwulize maswali rahisi. Tunacheza na nani? Nani amefunga goli la mwisho? Kipindi hiki ni cha kwanza au cha pili? Akichanganya majibu, atoke. Akijibu vizuri lakini bado una mashaka, atoke vilevile.

Akitoka, siku hiyo harudi uwanjani, hata akisema amepona. Siku 2 apumzike. Usiku asilale peke yake, awepo mtu wa kumwangalia. Asipewe aspirini wala diklofenaki. Akianza kutapika mara kwa mara, au kichwa kikizidi kuuma, au akipata degedege, au mboni moja ya jicho ikawa kubwa kuliko nyingine, au damu na maji meupe yakamtoka puani au masikioni, au haamki ukimwamsha, hiyo ni safari ya hospitali usiku uleule. Na kama shingo inauma au hawezi kusogeza mikono na miguu, asiinuliwe wala asipakizwe pikipiki. Kichwa kishikwe kisiyumbe, na atafutwe ubao mpana na gari.

Kwa nini asirudi uwanjani? Kwa sababu ubongo ulioumia ukigongwa tena kabla haujapona, unaweza kuvimba na kuua. Mwaka 2006, katika jimbo la Washington huko Marekani, mvulana wa miaka 13 aligonga kichwa katika ule mchezo wao. Alipumzika kidogo akarudishwa uwanjani. Mwisho wa mechi alianguka. Aliokolewa, lakini amebaki na ulemavu. Wazazi, madaktari na viongozi wa jimbo lile walikaa wakatafakari. Hawakufuta mchezo. Mwaka 2009 walitunga sheria: kijana akidhaniwa tu kuwa ameumia kichwa, anatolewa papo hapo, na harudi mpaka mtaalamu wa afya aandike kwamba amepona. Kufikia mwaka 2014 majimbo yote 50 ya nchi ile yalikuwa na sheria ya namna hiyo.

Uingereza nayo ilitoa mwongozo mwaka 2023. Mtu aliyeumia hivyo katika michezo ya kawaida hachezi mechi mpaka zipite siku 21 angalau. Na tangu mwaka 2024 sheria za kandanda duniani zinaruhusu mashindano kumwingiza mchezaji wa ziada badala ya aliyeumia kichwa. Kwa hiyo kisingizio cha "tutapungukiwa mchezaji" hakina nguvu tena.

Nani mwenye kauli ya mwisho?

Hapa ndipo penye kazi ngumu. Goli bovu unaling'oa kwa shoka. Mazoea yetu hayang'oki kwa shoka.

Mtoto akianguka, sisi watu wazima pembeni hupiga kelele: "Simama, wewe ni mwanamume!" Mwalimu anataka ushindi. Wenzake wanataka ushindi. Mtoto mwenyewe hataki kuitwa mwoga. Katika watu wote hao, ni nani atakayesema, "Toka"?

Napendekeza shule ichague mtu mmoja, mwanamume au mwanamke, asiye kocha wa timu. Anaweza kuwa mwalimu, mhudumu wa afya wa kijiji, au mzazi anayejua kusoma na kuandika. Aje zahanati, tutamfundisha bila malipo. Siku ya mechi akisema mtoto atoke, mtoto anatoka. Kocha hampingi. Mwenyekiti wa kijiji hampingi. Baba wa mtoto hampingi. Aliyeumia kichwa harudi mazoezini mpaka apite zahanati na kuandikiwa.

Na sisi tulio pembeni tujifunze maneno mapya. Mtoto anayetoka akiwa ameumia apigiwe makofi kama aliyefunga goli. Uvumilivu ni sifa njema shambani na katika masomo. Kwa ubongo ulioumia, uvumilivu ni sumu.

Tufanye nini sasa?

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, wakajadiliana. Kisha hawakuishia kwenye maneno. Walichimba vyoo, wakafyeka vichaka, wakafukia madimbwi. Sisi tunashindwa kusimika milingoti 4 ya goli?

Napendekeza kamati ya shule na serikali ya kijiji wakubaliane mambo 5. Uwanja usafishwe kwa nguvu za wananchi. Milingoti isimikwe upya. Liwepo sanduku la huduma ya kwanza lenye sabuni, vitambaa safi, bandeji, mipira ya mikono na mbao 2 za kufungia mfupa, pamoja na ndoo ya maji safi yenye mfuniko. Awepo mtu mwenye kauli ya mwisho. Na ijulikane kabla ya mechi ni gari la nani litabeba majeruhi, na simu ya nani ina salio.

Vifaa hivi havizidi uwezo wa kijiji. Kila kaya ikitoa kidogo baada ya mavuno, sanduku litajaa. Gari ndilo gumu. Lakini ni afadhali kulijadili leo tukiwa tumetulia kuliko kukimbizana usiku, mtoto akilia.

Na kama hatutaki kufanya hayo? Basi nami nitaungana na wazazi wale. Nitasema mpira usimame mpaka yafanyike. Haifai kuwaambia watoto "chezeni" katika uwanja ambao sisi wenyewe hatukuusafisha, chini ya goli lililoliwa na mchwa.

Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Koleo likivunjika, mhunzi huchunguza lilivunjikia wapi, akatengeneza jingine lililo imara zaidi. Nasi tufanye hivyo. Mvulana wetu amerudi darasani kwa magongo. Anasema anataka kusomea uamuzi wa mpira. Tumpe uwanja ulio salama wa kusimamia.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Je, uwanja wa shule ya kijiji chenu una hatari gani? Zitajeni, kisha semeni nani ataziondoa na lini.

2. Mtu akifungwa mguu uliovunjika, tutajuaje kwamba kamba imekaza kupita kiasi? Onyesheni kwa vitendo kipimo cha ukucha.

3. Mtoto amegonga kichwa, lakini anasema yuko tayari kuendelea kucheza. Mtamjibu nini?

4. Kwa nini mtu mwenye kauli ya mwisho asiwe kocha wa timu?

5. Wewe una maoni gani: mpira wa shule ufutwe, au uendelee kwa masharti? Toa sababu zako.